Kigeu cha tatu si aibu

Leo baridi ya Nyeri imezidi, mlima umejifunika, basi nimekaa ndani na kompyuta.

Vijana wanaokuja kwangu kujifunza kazi, wakitaka kubadilishana thamani za vigeu viwili, hukwepa kigeu cha tatu:

a = a + b;
b = a - b;
a = a - b;

Wanaona ni ujanja. Hata mimi niliona hivyo, mpaka nilipoandika programu ya kupanga wakulima wa kahawa kwa kilo zao. Mama mmoja akatokea na kilo 0! Kumbe programu ilibadilisha nafasi yake na nafasi hiyohiyo. a na b zikiwa sehemu moja ya kumbukumbu, ukitoa moja kwa nyingine unabaki na sifuri. Na kahawa yake aliibeba mgongoni hadi kiwandani.

Ukitaka kubadilisha chai na uji katika vikombe viwili, utaomba kikombe cha tatu. Ni baiti chache tu:

t = a;
a = b;
b = t;

Kwenye Python, a, b = b, a yatosha. Lakini ujanja unaofuta kilo za mkulima mimi siutaki. Wewe waonaje?