Mlima Juu ya Meza ya Chakula

Kwa muda wa majuma sita mfululizo sisi watu wa nyumba hii tumekuwa tukila mkekani. Si kwamba meza imevunjika, la. Meza ipo, ila imetwaliwa na binti yangu wa miaka 13, ambaye ameigeuza kuwa karakana ya reli. Mama yake alinung'unika juma la kwanza, akanyamaza juma la pili, na ilipofika juma la tatu nilimkuta yeye mwenyewe ameinama mbele ya kabati, tochi mkononi, akitafuta gurudumu lililopotea.

Ndugu msomaji, bila shaka unavifahamu vile vitofali vya plastiki vya kuchezea ambavyo hubanana kimoja juu ya kingine. Asili yake ni Billund, mji mdogo wa Denmaki, ambako seremala Ole Kirk Christiansen alianza kutengeneza vitu vya kuchezea vya mti mwaka 1932. Jina LEGO limetokana na maneno mawili ya Kidenmaki yenye maana ya "cheza vizuri". Umbo tulijualo sasa, lenye vinundu juu na mirija ndani, liliandikishwa mwaka 1958, na jambo la kustaajabisha ni kwamba kitofali cha miaka ile hubanana barabara na kilichotoka kiwandani juzi. Garimoshi lao la kwanza la umeme, likiendeshwa kwa betri, lilitoka mwaka 1966. Vya kwetu vimetoka katika mfuko wa mtumba, rangi zote zimechanganyika. Mota, magurudumu na reli ni zawadi ya mjomba wake, kwa maana vitu hivyo bei yake haisemeki mbele ya mtu mwenye kodi ya nyumba ya kulipa.

Sasa, kujenga garimoshi la dizeli au la umeme kwa vitofali si kazi kubwa. Ni sanduku lenye madirisha. Mota huifichi, unaiweka tu chini ya sakafu na mambo yamekwisha. Kichwa cha mvuke ni kitu kingine kabisa. Matumbo yake yote yako nje: magurudumu makubwa yaliyounganishwa kwa mikono ya chuma, silinda, pistoni, na vile vyuma vyembamba vinavyopanda na kushuka kama mguu wa fundi cherehani. Mtazamaji hukiangalia kichwa cha mvuke kwa ajili ya vitu hivyo, na vikikaa kimya hukiona kimekufa.

Na hapa pana kinyume kinachonifurahisha sana. Katika kichwa cha kweli, mvuke husukuma pistoni, pistoni husukuma mkono, na mkono huzungusha gurudumu. Katika cha vitofali mambo yote hurudi nyuma: mota huzungusha gurudumu kwa gia, gurudumu huvuta mkono, na mkono huiendesha pistoni iende na kurudi ndani ya silinda isiyo na kitu. Pistoni haifanyi kazi yoyote, inasindikiza tu. Lakini isiposindikiza sawasawa, kichwa kizima husimama.

Binti yangu alianza kwa kutamani kichwa cha kijani kiitwacho Emerald Night, ambacho kiwanda kilikitoa mwaka 2009 kikiwa na vipande 1,085, mota ikiuzwa kando na nafasi yake ikiwa imeachwa ndani. Aliipata picha yake, akamwonyesha babu yake mzaa mama, ambaye alikuwa amekuja kwetu kwa matibabu ya macho. Mzee aliisogeza picha karibu na uso, akaitazama kwa muda mrefu.

"Hiki ni cha Ulaya, mjukuu wangu," akasema. "Mimi nilifanya kazi ndani ya mlima."

Tulidhani anatania. Kumbe mkwe wangu, mnamo miaka ya 1970 mwanzoni, alikuwa mchochea moto katika Shirika la Reli la Afrika Mashariki, kati ya Mombasa na Nairobi, kabla shirika hilo halijavunjika mwaka 1977. Vichwa alivyovihudumia vilikuwa vya daraja la 59, vilivyoundwa na kampuni ya Beyer Peacock ya Manchester, Uingereza, mwaka 1955 na 1956. Vilikuwa 34, na kila kimoja kilipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Kimoja chao, nambari 5918, kiitwacho Mount Gelai, kimehifadhiwa katika makumbusho ya reli mjini Nairobi. Mlima Gelai wenyewe uko kwetu huku, kaskazini, karibu na Ziwa Natron. Uzito wa kichwa kimoja ulikuwa tani 250 na ushei, na katika reli zote za upana wa mita moja duniani hapakuwa na kichwa cha mvuke chenye nguvu kuliko hicho. Mzee hakuwa na koleo, kwa kuwa vilichoma mafuta mazito. Kazi yake ilikuwa kufungua na kufunga mafuta, jicho likiwa kwenye moshi, maana moshi mweusi ni mafuta yanayopotea na dereva anayekasirika.

Basi Emerald Night ikasahauliwa siku ile ile.

Vichwa vya namna hiyo huitwa Garratt, kwa jina la Mwingereza Herbert William Garratt aliyevibuni, na cha kwanza kilijengwa mwaka 1909 kwa ajili ya kisiwa cha Tasmania. Shabaha yake ni kona. Boila haikai juu ya magurudumu, bali huning'inia katikati kama machela kati ya wachukuzi wawili. Mchukuzi wa mbele ni mashine kamili yenye magurudumu, silinda na tangi lake. Wa nyuma vivyo hivyo. Kila mmoja hugeuka peke yake kwenye kona, na boila hufuata.

Nilipochukua kalamu na karatasi ndipo nilipotambua kwamba tulikuwa tumechagua vizuri bila kujua. Reli za kuchezea zina kona kali mno: vipande 16 vya kona hufanya duara kamili, ambalo kipenyo chake ni sentimita 64. Kichwa cha daraja la 59 kilikuwa na urefu wa zaidi ya mita 31. Tukikifanya kiwe na upana wa vinundu 8, yaani sentimita 6.4, urefu wake hauna budi kuwa kama sentimita 66. Hebu fikiria: kichwa kirefu kuliko duara chenyewe! Kingekuwa kipande kimoja kisingepita hata robo ya kona. Kwa kuwa ni Garratt, kinapita. Hata hivyo, kila mashine ina jozi 4 za magurudumu makubwa, na jozi zote zikiwa na ukingo wa kushika reli, zile za katikati hupanda juu ya reli kwenye kona. Dawa yake ni kuzipa jozi za katikati magurudumu yasiyo na ukingo, yenye kuviringika tu juu ya reli.

Mashine ya kwanza ilikamilika jioni ya Jumamosi. Binti akawasha, magurudumu yakazunguka nusu duara, yakakwama na kutetemeka. Akatia mafuta ya cherehani, bure. Akalegeza mikono, bure. Mimi nikatoa mawaidha kadhaa ambayo sitayarudia hapa.

Mzee, ambaye macho yake hayaoni vizuri, aliomba kupewa mashine mkononi. Akapapasa upande wa kulia kwa kidole gumba, kisha wa kushoto. "Vipini vyako vimeelekea upande mmoja," akasema. "Kulia kukiwa juu, kushoto kuwe mbele. Robo duara."

Akamweleza mjukuu wake kwa taratibu. Pistoni ikifika mwisho wa safari yake haiwezi kusukuma mbele wala nyuma. Imekufa kwa nukta hiyo. Endapo pistoni za pande zote mbili zitafika mwisho kwa pamoja, garimoshi litasimama na halitaondoka tena. Kwa hiyo upande mmoja hutangulia kwa robo duara, ili mmoja unapokufa mwingine uwe katika nguvu zake zote. Katika vitofali hakuna mvuke, lakini kanuni ni ile ile: mikono ikilala yote kwa pamoja, gurudumu lisiloguswa na mota halijui lizunguke upande gani, na plastiki ikiwa na ulegevu kidogo tu, hurudi nyuma na kukaza yote. Bahati nzuri ekseli za vitofali zina umbo la alama ya kujumlisha, hivyo gurudumu haliwezi kuvikwa ila kwa robo kamili. Binti alichomoa magurudumu ya kushoto, akayageuza robo moja, akayarudisha. Mashine ikaenda kama maji.

Mashine ya pili haikuchukua juma zima. Kila moja ina mota yake, gia ya meno 12 ikizungusha ya meno 20, ili kasi ipungue na nguvu iongezeke. Kisanduku cha betri ndogo 6 kilikaa ndani ya boila, mahali pazuri, kwa kuwa uzito wake huangukia mashine zote mbili na kuyakandamiza magurudumu. Tukakiweka kichwa kizima relini mbele ya majirani watatu na mtoto mmoja wa mgongoni. Binti akabonyeza. Kichwa kikanguruma, kikatetemeka, kisiende popote. Mashine ya mbele ilikuwa ikivuta mbele, ya nyuma ikivuta nyuma, kama nyumba ninazozijua. Mashine hizo hutazamana migongo. Mota ziliwekwa kwa kugeuziana, basi amri moja kwao ilikuwa na maana mbili. Tukabonyeza alama ya kujumlisha kwa mota moja na ya kutoa kwa nyingine, ugomvi ukaisha.

Kiliteleza kidogo penye kona. Mzee alisema wao walikuwa wakimwaga mchanga kwenye reli. Sisi tulivisha magurudumu pete za mpira.

Likabaki jambo moja, nalo lilimkera mjenzi. Vikianza kwenda, mikono ya mbele na ya nyuma ilikuwa ikipanda na kushuka kwa pamoja. Baada ya duara mbili tatu ilikuwa imeachana, ya mbele juu, ya nyuma chini. Kisha pole pole ikakutana tena. Akaona ni kasoro. Akaanza kukusanya ekseli na viungo vya kupinda ili aifunge mashine moja na nyingine kupitia chini ya boila.

"Mikono inafanyaje?" mzee akauliza, maana hakuiona vizuri.

Akamweleza, kwa sauti ya mtu anayeungama kosa.

Mzee akasogeza kiti. Akaweka viganja vyote viwili juu ya meza. Mkono wa kulia ukaanza kugonga, mapigo manne kwa mzunguko. Wa kushoto ukagonga nao, pamoja, kwa kishindo kimoja. Kisha wa kushoto ukachelewa kidogo, ukachelewa zaidi, mpaka mapigo yakawa manane, membamba, yakifuatana mbio mbio. Na taratibu yakarudi kuwa manne mazito. Alisema mashine mbili za Garratt hazikufungwa pamoja; magurudumu hayachakai sawa, na huteleza kila moja kwa wakati wake, ndiyo maana usiku, kichwa kikipanda mlima, uliyasikia mapigo yakiachana na kukutana hivyo hivyo. Alisema kwa muda wa miaka karibu 50 hakuwa ameyakumbuka.

Aligonga kwa muda mrefu. Kichwa kikaendelea kuzunguka. Binti alizichukua ekseli zake na viungo vyake, akavirudisha ndani ya kopo, akakaa kando ya babu yake akimtazama mikono.