Nguo ya Mwalimu Siku ya Kuagana

Mwaka wa shule hapa Kenya hufungwa wakati mbaya kwa mtu aliyefunga tai. Ni mwisho wa Oktoba au Novemba, kusi imekwisha, kaskazi haijashika, na kisiwa cha Mombasa kimekaa baina ya pepo mbili bila ya upepo wa kusema. Siku hizo ndizo shule zetu, za Mji wa Kale mpaka za Ganjoni, Tononoka na Makupa, huwapanga watoto uwanjani, zikagawa ripoti na kutoa zawadi, na mwalimu akasimama mbele ya watoto aliokaa nao mwaka mzima akiwa amevaa nguo nzito kuliko zote alizonazo kabatini. Amefanya hivyo kwa nia njema, kwa kuona kwamba siku kubwa inataka nguo kubwa. Hata hivyo nadai kwamba amekosea, na kosa lake si la mitindo. Kuagana na wanafunzi ni sehemu ya kazi ya ualimu kama ilivyo kusomesha, na kazi hiyo haifanyiki sawasawa na mtu ambaye nguo yake inamhimiza aondoke.

Tulitazame neno lenyewe. Katika Kiswahili kuaga na kuagana si kitu kimoja: mmoja huaga, wawili huagana. Kwenye shina hilohilo limesimama neno agano, na karibu yake agizo, kana kwamba wazee walioijenga lugha hii hawakuona vipi mtu ataondoka vizuri bila ya kuahidiana na anayebaki na kumwachia neno la kushika. Msafiri wa pwani hakushuka chomboni kimyakimya. Alizunguka kwanza kuomba radhi, akasamehe na akasamehewa, kwa kuwa hakujua kama atarudi. Na mtoto wa chuoni alipomaliza msahafu alifanyiwa hitima, mwalimu akawepo na wazazi wakawepo. Neno kuhitimu, ambalo leo tumelipeleka vyuo vikuu, lina asili moja na hitima hiyo. Sasa tujiulize ni maagano gani yanayofanyika uwanjani saa sita za mchana. Hotuba inasomwa, majina yanaitwa, ripoti zinapita mkono hadi mkono, kengele inalia. Mtoto ameagwa; hajaagana na mtu. Na jambo hili lina uzito zaidi leo kuliko zamani. Chini ya mfumo wa 8-4-4, ulioanza 1985, mtoto aliiacha shule ya msingi baada ya darasa la nane, na kundi la mwisho la mtihani wa KCPE lilitoka 2023. Mfumo mpya umeiweka sekondari msingi, Gredi ya 7 hadi ya 9, katika viwanja vya shule za msingi, na kundi la kwanza la Gredi ya 9 lilifanya mtihani wake wa kuondoka mwaka 2025. Mtoto anayeingia PP1 ya chekechea leo anaweza kukaa katika uwanja uleule miaka 11. Miaka 11 haiagwi kwa mkono mmoja huku wa pili unajipepea.

Mwili wa binadamu hujipoza kwa jasho, lakini kinachopoza ni kule kukauka kwa jasho. Hewa ya kisiwani imejaa unyevu wa bahari, kwa hivyo jasho halikauki, linateremka tu. Mtu akiongeza juu yake shati la nailoni, bitana ya koti na tai iliyobana shingo, amejifungia mvuke ndani. Mtazame mwalimu wa namna hiyo saa tano na nusu. Kola imebadilika rangi. Mkono mmoja umeshika ripoti kwa ncha za vidole ili zisilowe, mwingine unatafuta kitambaa mfukoni. Mtoto anapomkaribia kumpa mkono, yeye hurudi nyuma nusu hatua. Si kwa kumchukia. Anaionea haya hali yake. Lakini mtoto wa miaka 9 hajui habari za bitana, anajua tu kwamba mwalimu wake amerudi nyuma. Mwaka 2020 watafiti wa Marekani waliochunguza matokeo ya wanafunzi milioni 10 walionyesha kwamba mwaka ukizidi joto, mtoto hujifunza kidogo zaidi, hasa penye madarasa yasiyo na mitambo ya kupoza hewa. Ikiwa joto linaielemea akili ya mtu aliyekaa kitako darasani, litamfanya nini aliyesimama juani na koti?

Husemwa kwamba suti ni heshima. Hoja hii isidharauliwe, kwa sababu ualimu ni kazi iliyokwisha vunjiwa heshima ya kutosha, na anayevaa suti anawaambia wazazi kwamba yeye si mtu wa kuchezewa. Lakini heshima hiyo ya suti imetoka wapi? Zama za ukoloni, kanzu nyeupe ndiyo waliyovishwa watumishi katika nyumba za Wazungu, mpishi na mwandika meza, na suti ikabaki kwa bwana. Vazi la mwenyeji likashushwa likawa sare ya utumishi, nasi mpaka leo tunapima watu kwa mizani ile. Novemba 2023 Spika wa Bunge la Taifa, Moses Wetang'ula, aliwakataza wabunge suti za Kaunda na kusisitiza koti, kola na tai. Na hiyo ni Nairobi, ambako asubuhi koti lina kazi. Mombasa hatuna udhuru huo. Imamu hupanda mimbari Ijumaa kwa kanzu na hakuna asemaye kwamba amejishusha. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyetoa magazeti ya Sahifa na Al-Islah mjini humu miaka ya 1930 na baadaye akawa Kadhi Mkuu, aliutikisa mji kwa kalamu na kwa darasa zake, na hakuhitaji tai ili asikizwe. Wajapani wanaipenda suti kuliko sisi, lakini mwaka 2005 serikali yao iliwataka watumishi wavue koti na tai msimu wa joto, na mitambo ya kupoza hewa ikawekwa kwenye nyuzi 28. Waziri Mkuu Koizumi mwenyewe alionekana bila ya tai. Sijasikia kwamba dola la Japani lilianguka shingo zilipofunguliwa.

Basi avae nini? Mwanamume ana kanzu ya pamba au ya melimeli, ana shati jepesi la mikono mifupi. Mwanamke ana leso, na hapa nitakaa kidogo. Barabara ya Biashara, karibu na Mji wa Kale, liko duka la Kaderdina Hajee Essak, ambalo leso zake watu wanazijua kwa jina la Mali ya Abdulla, lililoanzishwa 1887. Kila leso ina pindo, ina mji, na chini ya mji ina jina. Vazi gani jingine la mwalimu limeandikwa? Mwalimu akigeuka kuandika ubaoni, watoto 40 wanausoma mgongo wake, na neno hilo watakwenda nalo nyumbani bila ya kuambiwa wanukuu. Ndiyo maana jina lichaguliwe kwa uangalifu. Leso za Mombasa zinajulikana kwa vijembe, na wazazi waliokaa viti vya nyuma watalisoma jina kabla hawajamsikiliza aliyelivaa; siku ya kuagana liwe dua au wasia. Najua mwanamke wa Mombasa atanijibu kwamba leso ni nguo ya jikoni, mtu hutoka nayo mpaka kwa jirani, haendi nayo kazini. Anasema kweli, lakini nusu. Leso hiyohiyo humpokea mtoto mchanga, leso ya kisutu huvaliwa na bibi arusi, na leso haikosekani nyumba ikifiwa. Nguo inayofaa siku tatu kubwa za maisha haiwezi kukosa adabu mbele ya Gredi ya 6, na fundi wa cherehani anaweza kuifanya gauni la kwenda popote. Mwenye kuvaa buibui haambiwi hapa avue stara yake. Achague kitambaa chepesi, atupie leso mabegani.

Pingamizi iliyo nzito kuliko zote ni ya dini na makabila. Shule za kisiwani zina Mswahili, Mgiriama, Mkamba, Mluo, Mhindi na Msomali, na walimu wengi wametoka bara. Mwalimu Mkristo akiamrishwa kanzu ataona kwamba anasilimishwa kwa kitambaa. Ningeweza kujibu kwamba Waganda Wakristo huvaa kanzu wanapokwenda kuposa, na kwamba leso hufungwa na wanawake wa kila dini kutoka pwani hii mpaka ziwani. Lakini sitaki kushinda hoja hii kwa mifano, kwa kuwa anayeogopa ana haki ya kuogopa. Lisiwepo agizo la kanzu wala la leso. Liondoke tu lile agizo lisiloandikwa la koti na tai, na kila mmoja avae kilicho chepesi, kisafi na cha heshima kwao. Tume ya Huduma za Walimu inamtaka mwalimu avae kwa adabu na nadhafa, na adabu haipimwi kwa unene wa kitambaa.

Kuhusu gharama sina mengi. Bei ya jozi ya leso ni sehemu ndogo ya bei ya suti. Hatari iko kwingine: shule zisije zikaigeuza fikra hii kuwa sare mpya, walimu wakakatwa na wazazi wakatozwa. Tumekwisha kuona yaliyotokea kwenye mahafali ya chekechea, ambako watoto wa miaka 5 hukodishiwa majoho meusi na kofia za pembe nne, wakaketi chini ya turubai wakitokwa na jasho huku mama zao wakipiga picha. Pwani inalijua joho tangu zamani. Wakubwa walilivaa juu ya kanzu siku ya Idi au ya arusi, kisha wakalivua.

Wako pia watakaosema kwamba nguo ikilegea na kazi italegea. Hao hawajawahi kuitunza kanzu. Koti huficha, kanzu nyeupe hufuliwa, hutiwa wanga, hupigwa pasi, na doa moja la wino linaonekana toka lango la shule. Enyi wakuu wa shule, mambo haya yamo mikononi mwenu, na wakati wa kuyasema ni kikao cha walimu cha mwanzo wa muhula wa tatu. Sherehe ianze saa mbili za asubuhi, kivulini, na iwe fupi. Kisha kila mwalimu aingie darasani na watoto wake, mlango ufungwe. Amwite kila mmoja kwa jina, amtajie jambo moja alilolifanya mwaka huo, na amwombe radhi penye kuhitaji radhi. Fimbo ilipigwa marufuku 2001, maneno makali yamebaki. Darasa la watoto 45, kila mmoja dakika moja, ni dakika 45 za kusimama, kuinama na kushika mikono. Mwenye shati la pamba ataziweza, na atabakiwa na nguvu za kuwasindikiza mpaka langoni.