Je, Yafaa Kumnyonga Mtu?



Juzi jioni, tulipokuwa tumeketi barazani hapa Usagara, jirani yangu mmoja alisema ya kuwa mwuaji hana budi kunyongwa, na amteteaye ni mwuaji mwenziwe. Wengi wakaitikia. Mimi nilinyamaza, maana wazee walikuwapo, na si adabu kushindana nao mbele ya watu. Lakini moyo wangu haukutulia. Leo nataka kumjibu.

Kwanza, simtetei mwuaji. Aliyeua afungwe, hata maisha yake yote ikiwa ndivyo impasavyo. Nimteteaye ni yule asiyeua, ambaye ushahidi wa watu umempeleka penye kitanzi. Je, yuko mtu wa namna hiyo? Sisi wa upande huu wa Ziwa haitupasi kuuliza.

Kumbukeni mabibi vizee waliokatwa mapanga katika Usukuma kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu. Wekundu ule ulitokana na moshi wa mavi ya ng'ombe waliyopikia miaka mingi. Lakini mganga alitaja jina, jirani akaapa kwamba ameona, na kijiji kizima kikawa na hakika. Hakika ile ilikuwa uongo mtupu. Basi, mashahidi waendao mahakamani watoka katika vijiji vivi hivi, wana hofu ile ile, na magomvi yale yale ya mashamba na urithi.

Tena kumbukeni mwaka 1976. Serikali ilitaka kuyakomesha mauaji hayo katika Mwanza na Shinyanga, nayo nia ilikuwa njema. Watu wengi wakakamatwa, wakateswa ili waungame, na wengine wakafa mikononi mwa wale waliopaswa kuilinda sheria. Mwaka 1977 Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu kwa ajili ya aibu ile, ingawa mkono wake haukumpiga mtu. Mtu akiteswa sana ataungama hata asilolijua; na ungamo hilo likiisha kuandikwa vizuri karatasini, jaji atalitambuaje?

Labda mtu atasema, "Hayo ni ya kwetu, Wazungu hawakosei." Hawakosei? Mwaka 1950 Timothy Evans alinyongwa London kwa kosa la kumwua mtoto wake. Miaka 3 baadaye ikajulikana kwamba John Christie, aliyekaa nyumba ile ile, naye alikuwa shahidi juu yake, ndiye aliyekuwa mwuaji wa wanawake wengi. Mwaka 1966 Evans akasamehewa. Alisomewa nani msamaha ule? Mwenyewe alikuwa kaburini miaka 16. Waingereza, ambao sheria yetu ilitoka kwao, waliacha kuwanyonga wauaji mwaka 1965. Sisi tungali tumeishika.

Mwingine atasema, "Maandiko yaamuru damu kwa damu." Ndugu, Maandiko hayo hayo yadai mashahidi wawili. Naye Nabothi alishuhudiwa na wawili, wote waongo, akahukumiwa na wazee wa mji wake mwenyewe, akapigwa mawe, na shamba lake likachukuliwa na mfalme. Utaratibu wote ulifuatwa. Haki peke yake ndiyo iliyokosekana.

Wa tatu atasema, "Kelele za nini? Tangu katikati ya miaka ya 1990 hakuna aliyenyongwa Tanzania." Ni kweli. Lakini sheria iko, nayo humfunga jaji mikono: akimwona mtu mzima ana hatia ya kuua kwa kukusudia, hana hukumu nyingine ila kitanzi, isipokuwa kwa mwanamke mwenye mimba. Mwaka 1994 Jaji James Mwalusanya alisema adhabu hii yapingana na Katiba. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba ni ya kikatili, lakini ikaiacha isimame. Mwaka 2019 Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha, katika shauri la Ally Rajabu na wenzake, iliagiza ulazima huo uondolewe kwa muda wa mwaka mmoja. Mwaka ukapita, ulazima ukabaki. Rais Kikwete aliwabadilishia wengi adhabu mwaka 2006, na Rais Magufuli alisema mwaka 2017 kwamba hatatia sahihi mtu anyongwe. Twawashukuru, lakini uhai wa mtu usitegemee moyo wa yule atakayeketi kitini kesho.

Ng'ombe akichukuliwa kwa hukumu mbaya, hurudishwa pamoja na ndama wake. Mfungwa akitolewa baada ya miaka 20, tutamwomba radhi, naye atatusikia. Aliyenyongwa hatamsikia mtu.

Basi, jirani yangu, ukiisha kusoma haya, njoo barazani unijibu neno moja tu. Ikiwa katika watu mia watakaonyongwa mmoja hakuua, je, utakubali mmoja huyo awe mwanao? Ukikataa, usimtoe mwana wa mwenzio.