Ukurasa Ukikosekana, Uachwe Wazi

Katika kitivo chetu kuna desturi ambayo haijaandikwa popote, lakini kila anayeandaa kazi ya mwisho wa masomo anaijua. Mwanafunzi anakusanya hadithi za Kifuliru, Kivira au Kibembe. Anafika mahali ambapo daftari limechanika au sauti aliyoirekodi kwenye simu imekatika. Basi anarudi kwenye muhtasari alioupata kwa Kiswahili, anautafsiri, anauunga na yaliyotangulia, na kazi inasonga mbele. Wasahihishaji hawaulizi kitu. Mimi nasema tuache, na mfano wangu unatoka mbali: hati ya Kigiriki ya karne ya 12.

Katika orodha ya hati za Agano Jipya inayotunzwa Münster, Ujerumani, hati hiyo ina namba 2814. Ni Kitabu cha Ufunuo kilichonakiliwa kwa mkono, kwa zile herufi ndogo za kushikana ambazo wanakili wa Kigiriki walianza kuzitumia kwa vitabu katika karne ya 9. Aya za Ufunuo zimechanganyika na ufafanuzi wa Andrea, askofu wa Kaisaria, hata inabidi msomaji akaze macho ajue Yohana anaishia wapi na askofu anaanzia wapi. Tena jani la mwisho halipo. Aya sita za mwisho, tangu 22:16, zilikwenda nalo.

Pengine hati hii isingejulikana na mtu nje ya maktaba kama Erasmus wa Rotterdam asingeiazima kwa mwenzake Reuchlin. Erasmus alikuwa Basel, Uswisi, akitayarisha Agano Jipya la Kigiriki kwa mchapaji Froben. Kazi ilikwenda mbio, na kitabu kikatoka mwaka 1516. Kwa Ufunuo alikuwa na hati hiyo moja tu. Alipofika kwenye jani lisilokuwepo alichukua Biblia ya Kilatini, akazitafsiri aya zile sita kwenda Kigiriki kwa kichwa chake mwenyewe. Kigiriki alikijua vizuri kuliko watu wengi wa zama zake, na hilo ndilo linalofanya habari hii itufae. Hapa hatumzungumzii mtu mjinga.

Tazama yaliyompata. Katika 22:19 hati za Kigiriki zinataja mti wa uzima. Mti kwa Kilatini ni lignum, kitabu ni liber. Ndani ya sentensi ile maneno hayo yanakuwa ligno na libro, na jicho la mnakili aliyechoka huyapishanisha kwa urahisi. Biblia ya Kilatini aliyoitumia Erasmus ilikuwa na libro. Akaandika kitabu cha uzima kwa Kigiriki safi, kisicho na kosa hata moja la sarufi.

Mfano wa pili ni mdogo zaidi, na kwangu mimi ndio mtamu zaidi. Katika 22:17 Roho na bibi arusi wanasema "njoo". Hati za Kigiriki zina erkhou. Erasmus aliweka elthe. Yote mawili ni amri ya kitenzi kile kile, lakini Kigiriki hutofautisha namna ya kukitazama kitendo: kikiwa kinaendelea, au kikiwa kizima mara moja. Kilatini kina veni tu. Atokaye kwenye lugha yenye umbo moja kwenda kwenye lugha yenye maumbo mawili lazima abahatishe, na Erasmus alibahatisha vibaya.

Matoleo ya Kigiriki yaliyofuata yaliendelea kuchapa maneno yake kwa karne tatu. Biblia ya Kiingereza ya mfalme James, ya mwaka 1611, ina kitabu cha uzima mahali pale. Mwenye Louis Segond nyumbani atakuta mti, na mwenye Biblia ya Kiswahili ya Union Version ya mwaka 1952 pia atakuta mti, kwa sababu wakati huo wataalamu walikuwa wamekwisha kulinganisha hati nyingi. Hati 2814 yenyewe ilikuwa imepotea machoni pa wasomi hadi Franz Delitzsch alipoigundua mwaka 1861. Leo iko katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Augsburg. Ilipoonekana tena, kila mtu aliweza kuliona pengo kwa macho yake.

Lakini tumtendee haki Erasmus. Hakuficha. Katika maelezo aliyoyachapa pamoja na kitabu alisema kwamba maneno yaliyopungua ameyaongeza kutoka Kilatini. Tatizo ni kwamba maelezo yalibaki upande mmoja na aya zikaenda upande mwingine. Waliochapa upya walichukua aya. Ndani ya ukurasa wenyewe hapakuwa na alama yoyote, hata mabano, ya kumwambia msomaji kwamba kuanzia hapa anayesema ni Erasmus.

Sasa turudi Uvira. Kifuliru, JD63 kwa wanaofuata orodha ya Guthrie, kina toni, Kiswahili hakina. Kifuliru kina irabu ya mwanzo kwenye nomino: mtu ni umundu, watu ni abandu, na kuwepo au kutokuwepo kwa irabu hiyo kuna kanuni. Kiswahili hakina. Kifuliru, kama jirani zake Kirundi na Kinyarwanda, hakiweki yote yaliyopita katika kapu moja. Jambo la leo na jambo la zamani havisemwi kwa umbo moja la kitenzi. Kiswahili kina -li- ya kutosha yote. Kwa hiyo anayejaza pengo la Kifuliru kutoka kwenye muhtasari wa Kiswahili anabahatisha karibu kila neno, hata akiwa Mfuliru wa kuzaliwa. Baada ya hapo tunakuja darasani, tunahesabu vitenzi katika hadithi hiyo, na kuandika sura nzima juu ya nyakati za Kifuliru. Tunachunguza Kifuliru, au tunachunguza Kiswahili chetu kilichovaa nguo za kuazima?

Mapengo hapa kwetu si jambo la kufikirika. Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika, ukaua makumi ya watu na kubomoa maelfu ya nyumba. Baadaye ziwa nalo likapanda na kuingia mitaani. Watu walilia wafu wao, na ndivyo ilivyopasa. Nani angeuliza habari za madaftari? Lakini yalikuwepo: nyimbo, methali, hadithi na nasaba zilizoandikwa kwa kalamu ya buluu na wazee waliowahi kufundisha shule au katekisimu. Nimeshika moja la mtaani kwetu Mulongwe. Kurasa zimegandana, na wino wa pembezoni umekuwa wingu.

Rafiki yangu anayefundisha shule ya msingi ananipinga. Anasema watoto hawasomi hadithi isiyo na mwisho, na kwamba mimi naijali hati kuliko mtoto. Pingamizi hilo lina uzito. Jibu langu ni kwamba Erasmus hakuwa na Mgiriki wa karne ya 1 wa kumwuliza pale Basel. Sisi wenyeji wa lugha tunao. Wako Luvungi, wako Lemera, wako nyumba ya tatu kutoka hapa. Nauli ya pikipiki inauma, na njia si shwari kila siku, lakini kazi hii inafanyika: mzee aombwe aisimulie hadithi yote tangu mwanzo, irekodiwe, ichapwe peke yake ikiwa na mahali na tarehe. Mtoto atapata hadithi nzima, na daftari litabaki lilivyo. Usimulizi wa mzee huyu usishonwe kwenye daftari la mzee yule, maana mara nyingi miisho yao haifanani, na kutofautiana huko ni habari tosha kwa mtafiti.

Ninachowaomba walimu wetu wa kamati ya kazi za mwisho ni kidogo. Palipo na pengo, paachwe wazi, idadi ya mistari iliyopotea ikitajwa pale inapojulikana. Mwanafunzi akilazimika kuongeza neno, liwe ndani ya mabano ya mraba, kwenye ukurasa ule ule na si katika utangulizi ambao hakuna atakayeunakili. Picha za daftari ziambatishwe. Na anayeacha pengo asikatwe alama kana kwamba ni mvivu. Kwa sasa anayejaza ndiye anayepata alama nzuri, na hiyo peke yake inaeleza mengi.

Daftari la Mulongwe lina hadithi kumi na mbili. Ya kumi na mbili inakatika katikati ya kitenzi: kiambishi cha nafsi kipo, mzizi haupo. Katika nakala nitakayoiwasilisha muhula ujao, baada ya kiambishi hicho pana nafasi tupu.