Kipa Wetu Hajazeeka Ghafla, Ni Sisi Hatukujipanga

Ile klipu ya kipa wetu akipitwa na mpira katikati ya miguu, ile ilizunguka kwa magrupu yote ya Oyugis mpaka watu wa Kisii wakaicheka, ni mimi niliirekodi. Ni mimi niliipunguza mwendo na kuiwekea muziki. Ilipata watazamaji kuliko kitu chochote nimewahi kuposti. Siku tatu baadaye kamati ya timu ikaitumia kama ushahidi kwamba Jadwong' amezeeka na ni wakati apumzike.

Hawakumuita. Hawakuketi naye chini. Walitupa meseji kwa WhatsApp ya timu saa nne usiku, mistari miwili ya asante na emoji ya mikono. Aliisoma asubuhi akiwa stejini akingoja abiria, akarudisha simu mfukoni, akawasha pikipiki. Miaka 16 golini, imeisha hivyo.

Najua kuna mtu tayari anaandika hapo chini: "Wacha hisia, buda. Mpira ni matokeo." Sawa. Tuongee matokeo.

Jumamosi iliyofuata tuliweka kijana wa miaka 18. Tukafungwa manne. Mawili yalitoka kwa kona, mabeki wote wakiangalia mpira na hakuna aliyemshika mtu, kwa sababu hakukuwa na sauti nyuma yao ikiwaambia wasimame wapi. Huyo kijana anaruka kumshinda Jadwong', ana mikono ya haraka, na hilo sibishi. Lakini hakuwa ameanza hata mechi moja ya ligi. Misimu miwili kazi yake ilikuwa kubeba maji na kuokota mipira nyuma ya goli. Hatuna kochi wa makipa. Mtu pekee aliyewahi kumfundisha kudaka krosi ni huyo huyo mzee tuliyemtoa kwa meseji. Hata glavu alizovaa siku hiyo ni za Jadwong'. Pesa za jezi mpya zilipatikana. Za glavu zikakosa.

Na mnajua kilichofuata. Watu walewale waliokuwa wakipiga kelele "toa mzee" walianza kusema kijana ni bure kabisa. Jioni hiyo jamaa mmoja akaniuliza kama niliwahi kurekodi goli la tatu, ati niitoe, itaenda sana. Hapo ndipo nilishtuka. Tumemaliza mmoja, sasa tunataka mwingine, na huyu ana miaka 18.

Kipa hazeeki kama winga. Winga akipoteza mbio amepoteza kazi. Kipa akipoteza mbio bado ana macho na mdomo: anajua kusimama mahali ambapo mpira utakuja, anajua kumsogeza beki hatua mbili kabla shuti halijapigwa. Ndiyo maana Essam El-Hadary wa Misri alicheza Kombe la Dunia 2018 akiwa na miaka 45, na akaokoa penati dhidi ya Saudi Arabia siku hiyo hiyo.

Hiyo ni mbali? Twende Kasarani basi, Agosti 2019. Sisi na Tanzania tunatafuta tiketi ya CHAN. Dar sare bila bao, Nairobi sare bila bao, tukaenda penati. Golini kwao alikuwa amesimama Juma Kaseja, miaka 34. Tukalala 4-1. Huyo ni Kaseja ambaye Simba hawakumuongezea mkataba mwaka 2013, akiwa na miaka 28 tu, akavuka kwenda kwa mahasimu wao Yanga. Miaka sita baadaye ndiye anatufungia mlango nyumbani kwetu. Mwezi uliofuata Tanzania wakawatoa Burundi kwa penati pia, kwenye safari ya kufuzu Kombe la Dunia. Kama umri ungekuwa kipimo cha pekee, Kaseja angekuwa ameshatundika glavu zamani.

Lakini nisiwapikie upande mmoja. Kuna Denis Onyango wa Uganda, jina kama la jirani yako hapa Oyugis. Mwaka 2016 alishinda Ligi ya Mabingwa Afrika na Mamelodi Sundowns, na akachaguliwa mchezaji bora wa Afrika kati ya wale wanaocheza barani. Aprili 2021 akastaafu timu ya taifa. Mwaka 2025 wakamrudisha, akaenda AFCON kule Morocco akiwa na miaka 40. Mechi na Nigeria, Desemba 30, akaanza. Mwili ukakataa, akatoka na jeraha. Akaingia Salim Magoola, akala kadi nyekundu. Akaingia wa tatu, Nafian Alionzi. Makipa watatu mechi moja, na Uganda wakafungwa 3-1.

Wengine walisoma hiyo kama somo la "wazee waende nyumbani". Mimi nasoma kitu kingine. Mwili wa miaka 40 unaweza kukuacha dakika yoyote, ni kweli, na Waganda wenyewe walijua. Kwa hivyo swali la maana halikuwa kama Onyango ni mzee. Swali lilikuwa nani yuko nyuma yake, na amecheza mechi ngapi. Hilo swali timu yetu haijawahi kujiuliza hata siku moja. Tulikaa miaka 16 tukimtegemea mtu mmoja, tukifurahia kwamba hana gharama, hana maneno, anakuja mazoezi na pikipiki yake na mafuta yake. Halafu magoti yalipoanza kulia, tukajifanya tumeshangaa.

Mimi sisemi arudishiwe namba moja kwa sababu ya heshima. Heshima haidaki mpira. Nimesimama nyuma ya goli lake na simu msimu mzima, nimeona: mpira wa chini upande wa kushoto unampita, na akianguka anachukua muda kuinuka. Timu ikimpanga kila wiki kwa huruma tu, inamuumiza yeye na inamzibia kijana njia. Wanaotaka acheze milele kwa sababu "ametoka mbali na sisi" nao wamekosea.

Lakini kuna njia kati ya kumng'ang'ania na kumtupa, na haihitaji pesa ambazo hatuna. Jumamosi hii kuna kikao cha timu, na nitasimama kusema haya nikiwa na jina langu.

Kwanza, mwenyekiti na kochi waende kwake, mchana, wamwambie ana kwa ana. Na wamsikilize. Pengine yeye mwenyewe yuko tayari kutoka kuliko tunavyodhani. Hakuna aliyemuuliza.

Pili, mzunguko huu uliobaki wagawane mechi. Kijana aanze zile ambazo tunaweza kuvumilia makosa yake, Jadwong' awe benchi akimwelekeza. Zile ngumu waamue kwa mazoezi ya wiki hiyo. Wasiamue kwa cheti cha kuzaliwa, na wasiamue kwa klipu.

Tatu, msimu ujao Jadwong' awe kochi wa makipa, na apewe kitu. Hata kama ni mafuta ya pikipiki tu. Mtu akiacha abiria saa kumi jioni kuja kufundisha watoto wetu, hiyo ni pesa ametoa mfukoni mwake.

Na nne ni yangu. Ile klipu nimeitoa. Najua haisaidii sana, bado mnayo kwa simu zenu. Jumatano nilienda mazoezini kurekodi kitu kingine, nikidhani nitamkuta kijana peke yake. Nikawakuta wawili. Jadwong' alikuwa amesimamisha pikipiki kando ya uwanja, bado amevaa rifleksa yake ya kazi, anampigia kijana krosi moja baada ya nyingine na kumkemea kwa Dholuo kila akitoka golini akiwa amechelewa. Hakuna mtu wa kamati aliyemtuma.

Sikurekodi. Nilimsalimia, nikamwomba msamaha, akaniuliza tu kama nina muda wa kuokota mipira.

Nikaokota mpaka giza likaingia. Kama wewe pia uliicheka ile klipu, Jumatano ijayo tunahitaji mikono zaidi.