Vic Fangio Hakuchelewa

Kila Januari, msimu wa kawaida wa NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, unapokwisha, huja siku ambayo Wamarekani wenyewe huiita Jumatatu Nyeusi. Makocha hufukuzwa mmoja baada ya mwingine tangu asubuhi, na kufikia jioni mashabiki wameshatoa hukumu: huyu hakuwa na uwezo, yule mchezo umemwacha, huyu mwingine hakustahili kupewa timu tangu mwanzo. Wanaoonewa zaidi katika hukumu hizo ni makocha wa ulinzi, watu ambao kazi yao haionekani mpaka iharibike. Madai ni yale yale kila mwaka, na nataka kuyajibu kwa kufuata safari ya mtu mmoja, Vic Fangio, kwa sababu karibu kila dai kati ya hayo limewahi kumwangukia yeye.

La kwanza ni kwamba ambaye hakucheza ligi ya kulipwa hawezi kuwafundisha wanaoicheza. Fangio hakucheza NFL hata dakika moja. Alizaliwa mwaka 1958 huko Dunmore, mji mdogo wa Pennsylvania, na ukocha aliuanzia katika shule ya sekondari ya mji huo huo. Mwaka 1984 alijiunga na kocha Jim Mora katika timu ya Stars ya USFL, ligi iliyojaribu kushindana na NFL ikafa baada ya misimu mitatu. Stars walitwaa ubingwa mwaka huo na mwaka uliofuata. Mora alipokwenda New Orleans Saints mwaka 1986 alimchukua kijana wake, akamkabidhi walinzi wa kati, wale wanaoitwa lainibeka, wanaosimama nyuma ya safu ya mbele na mbele ya mabeki wa mwisho.

Wakati huo Saints walikuwa hawajawahi kumaliza msimu wakiwa na ushindi mwingi kuliko vipigo. Lainibeka wanne aliokuwa akiwafundisha Fangio, yaani Rickey Jackson, Sam Mills, Vaughan Johnson na Pat Swilling, wote walichaguliwa kucheza Pro Bowl, mechi ya nyota wa ligi, katika msimu wa 1992. Jackson na Mills leo wamo katika Jumba la Mashujaa wa mchezo huu kule Canton. Mills alikuwa na kimo cha sentimita 175 tu, na hakuna timu ya NFL iliyomteua alipotoka chuoni. Fangio alipohamia Carolina Panthers mwaka 1995 kuwa mratibu wa ulinzi, Mills naye alisajiliwa huko. Mchezaji wa kiwango hicho hamsikilizi mwalimu kwa kuangalia alicheza wapi ujanani. Humsikiliza kwa sababu aliyoambiwa Jumatano ameyaona uwanjani Jumapili.

Wala sisemi kwamba kucheza kunaharibu kocha. Dick LeBeau alicheza misimu 14 Detroit, akanyakua pasi 62 za wapinzani, kisha akawa mmoja wa waratibu wakubwa wa ulinzi katika historia ya mchezo huu. Bill Belichick hakufika NFL akiwa mchezaji, naye tunajua alikofika. Njia zote mbili zimezaa mabingwa, kwa hiyo kigezo chenyewe hakitufai.

Dai la pili lina madhara makubwa zaidi, kwa sababu hata wenye timu wanaliamini: kwamba uratibu wa ulinzi ni kituo cha njiani, na asiyepanda kuwa kocha mkuu, au aliyepanda akashuka, ameshindwa maishani. Hapa huletwa rekodi ya Fangio kule Denver Broncos: kuanzia 2019 hadi 2021 alishinda mechi 19 na kupoteza 30, akafukuzwa. Rekodi hiyo ni ya kweli na ni yake, maana kocha mkuu hubeba timu nzima. Lakini anayeisoma asiishie hapo. Katika msimu wake wa mwisho Denver ilikuwa ya tatu katika ligi nzima kwa kuruhusu pointi chache. Timu haikuwa na mrusha mpira wa kutegemewa. Novemba 2020, warusha mpira wake wote waliondolewa kikosini kwa kanuni za korona, na Kendall Hinton, mpokeaji wa pasi aliyekuwa katika kikosi cha mazoezi, akalazimika kucheza nafasi ile dhidi ya Saints. Kati ya pasi tisa alizorusha, moja tu ilimfikia mwenzake. Denver wakafungwa 31 kwa 3.

Ukocha mkuu ni kazi nyingine kabisa. Kocha mkuu anashughulika na mashambulizi, waandishi wa habari, majeruhi, mwenye timu, saa inayokwisha. Mratibu wa ulinzi anashughulika na jambo moja, tena kwa kina kisicho na mwisho. LeBeau alikuwa kocha mkuu wa Cincinnati Bengals, akashinda 12 na kupoteza 33, kisha akarudi Pittsburgh Steelers kuwa mratibu na kuwa sehemu ya ubingwa wa Super Bowl mara mbili. Steve Spagnuolo alishinda 10 na kupoteza 38 katika misimu mitatu ya ukocha mkuu pale St. Louis. Mtu huyo huyo alikuwa mratibu wa ulinzi wa Giants walipoizima New England katika Super Bowl mwaka 2008, na baadaye wa Kansas City Chiefs walipotwaa mataji matatu. Ukiwaita hawa walioshindwa, basi mizani yako ndiyo mbovu.

Kuhusu kufukuzwa kwenyewe sitakawia. Indianapolis Colts mwaka 2001 waliruhusu pointi 486, nyingi kuliko timu yoyote, na mratibu alikuwa Fangio. Uongozi ulitaka aondolewe. Mora, aliyekuwa kocha mkuu, alikataa kumtoa, na akapoteza kazi yeye. Msimu ule ulikuwa mbaya, hakuna wa kuupamba. Lakini Belichick naye alifukuzwa Cleveland kabla ya kujenga alichojenga New England. Katika ligi hii kufukuzwa ni sehemu ya ajira, na Mora, aliyemfahamu Fangio kwa karibu miaka 20, hakuona pointi 486 kuwa sababu ya kumtupa.

Sasa nije kwenye dai ninalolichukia kuliko yote, kwa sababu linamfundisha mtazamaji kuangalia mchezo vibaya: kwamba kocha jasiri wa ulinzi ni yule anayetuma watu wengi kumvamia mrusha mpira, na asiyefanya hivyo ni mwoga. Uvamizi huo wa watu watano, sita au saba huitwa blitzi. Unapendeza machoni, na Buddy Ryan aliujengea jina pale Chicago Bears mwaka 1985. Lakini kila unayemtuma mbele umemtoa nyuma. Wapinzani wana watu watano wanaoweza kupokea pasi, na mrusha mpira mwenye macho mepesi anajua papo hapo nani ameachwa peke yake.

Fangio huipanga hesabu hiyo kwa njia nyingine. Wanne wanakwenda mbele, saba wanabaki kulinda. Mabeki wawili wa mwisho husimama mbali, kila mmoja na nusu yake ya uwanja, na husimama hivyo hivyo karibu kila mara. Mrusha mpira anapowaangalia kabla mpira haujatolewa hapati habari yoyote. Mpira ukishatoka ndipo picha inapobadilika: mmoja anashuka kuziba katikati, au wote wawili wanabaki juu, au upande mmoja unalindwa kwa kanuni hii na upande wa pili kwa kanuni nyingine. Yule mrusha mpira sasa inambidi asome huku watu wenye kilo 140 wanamjia. Akisita kidogo tu, wale wanne wameshafika. Pasi fupi anaachiwa, ndefu ananyimwa, na timu inayolazimika kusogea yadi tano tano ina nafasi nyingi za kukosea kabla ya kufika golini.

Mpango huu una udhaifu wake. Kama wale wanne wa mbele hawana nguvu, mrusha mpira anapata muda wa kutosha na kila kitu kinafumuka. Hilo ni tatizo la kusajili, halihusiani na ushujaa.

Aliyekesha Februari 2025, maana huku Afrika Mashariki mechi ilianza saa nane na nusu usiku, aliona ushahidi wote kwa pamoja. Philadelphia Eagles, mratibu wao Fangio, walicheza na Chiefs ya Patrick Mahomes katika Super Bowl ya 59. Eagles hawakutuma blitzi hata moja usiku kucha. Mahomes aliangushwa mara sita. Robo ya pili, Eagles wakiongoza 10 kwa 0, aliangushwa mara mbili mfululizo, ikabaki jaribio la tatu na yadi 16 za kutafuta. Akakimbilia kulia, akarusha pasi ya kukata katikati ya uwanja. Cooper DeJean, beki aliyekuwa anatimiza miaka 22 siku hiyo hiyo, alikuwa amesimama pale pale pasi ilipokuwa ikielekea. Aliunyakua mpira akakimbia nao yadi 38 mpaka mwisho. Kufikia mapumziko ilikuwa 24 kwa 0, na Chiefs walikuwa wamepata yadi 23 tu. Matokeo ya mwisho, 40 kwa 22, yanawapendelea walioshindwa.

Uwanja ulikuwa Superdome ya New Orleans, Fangio alipoanzia kazi ya NFL mwaka 1986, na alipoipoteza Super Bowl kwa pointi tatu Februari 2013 akiwa mratibu wa San Francisco 49ers.

Wapo wanaosema mzee hawezi tena, kwamba mchezo wa leo ni wa makocha vijana. Fangio alikuwa na miaka 66 usiku ule. Wade Phillips alikuwa na 68 ulinzi wake wa Denver ulipoizima Carolina 24 kwa 10 katika Super Bowl ya 50, baada ya kukaa msimu mzima wa 2014 bila timu. Dai hili halihitaji zaidi ya hapo.

Dai kwamba wachezaji wa kizazi hiki hawamtaki Fangio lina uzito kidogo. Alipoachana na Miami Dolphins Januari 2024 baada ya msimu mmoja, baadhi ya wachezaji walishangilia hadharani mitandaoni. Ni mtu mkali, haremba maneno, na siamini kwamba kila kikosi kinamfaa. Lakini mtazameni Zack Baun. Kule Saints alikuwa mchezaji wa akiba, akitumiwa pembeni na katika vikosi maalumu. Eagles walimsajili mwaka 2024 kwa mkataba wa mwaka mmoja, Fangio akamhamishia katikati, na msimu ulipokwisha alikuwa katika kikosi cha kwanza cha wachezaji bora wa ligi nzima. Kwenye Super Bowl naye alinyakua pasi. Ukali uliombadilisha mtu namna hiyo hauwezi kuitwa dharau kwa wachezaji.

Limebaki dai la wanaojiita wataalamu: kwamba mpango ndio ulioshinda, mtu hakuwa muhimu, na yeyote mwenye michoro ile angefanya hivyo hivyo. Ni kweli michoro imeenea. Baada ya Bears ya mwaka 2018, iliyoruhusu pointi chache kuliko timu zote na kumpa Fangio tuzo ya kocha msaidizi bora wa mwaka, ligi nzima iliiga. Brandon Staley, msaidizi wake wa Chicago na Denver, aliichukua michoro hiyo akaifanya Rams kuwa na ulinzi bora mwaka 2020. Kisha akapewa Chargers, na Desemba 2023 akafukuzwa baada ya kufungwa 63 kwa 21 na Raiders.

Eagles wenyewe wamelijibu dai hili vizuri kuliko nitakavyoweza mimi. Mwaka 2023 mratibu wao alikuwa Sean Desai, mwanafunzi mwingine wa Fangio kutoka Chicago. Timu ilianza kwa kushinda 10 na kupoteza moja, kisha ikaporomoka, na Desemba Desai akanyang'anywa kazi ya kuita mbinu. Mwaka uliofuata aliajiriwa mwalimu mwenyewe. Ndiyo, aliletewa mabeki wapya wawili wazuri, DeJean na Quinyon Mitchell, na ingekuwa uongo kuwaacha nje ya hesabu. Wote wawili walikuwa wametoka chuoni mwaka huo huo, na walipaswa kufundishwa na mtu kusimama vile. Ulinzi ule ule uliokuwa miongoni mwa mibovu ya ligi ukaruhusu yadi chache kuliko timu zote 32.