Mafua ya msimu wa mvua

Mvua zimerudi na huku Katwe na Nsambya kila chumba kinakohoa. Tunaona wengi wanakimbilia duka la dawa kununua amoksilini. Jamani, hiyo haiui virusi vya mafua! Heri pesa hiyo tununue sabuni na jerikani ya maji ya kunawa. Sigiri nayo isilale ndani mlango ukiwa umefungwa, hata baridi iwe kali namna gani: hewa ya makaa haina harufu, na inaua. Mtoto akikohoa, shikeni simu yenye saa, mhesabu pumzi akiwa ametulia. Wa mwaka 1 hadi 5 akifikisha 40 kwa dakika, au wa miezi 2 hadi 11 akifikisha 50, hiyo yaweza kuwa nimonia. Msingoje kuche, mpelekeni kituo cha afya cha serikali. Huko wakimbizi tunatibiwa bure kama wenyeji.